Karibu ya Kamera na Karibu ya Mtu

Kila aliyewahi kumrekodi mwenzake akiteleza juu ya maji anaijua hasira hii. Ufukweni ulimwona vizuri kabisa: kaegemea upepo, ubao unakata maji, karuka juu mpaka ukapiga kelele. Jioni mnakaa kutazama klipu, na pale alipokuwa yeye kuna nukta nyeusi katikati ya bahari kubwa. Swali linalofuata huwa ni lile lile: nifanyeje nisogee karibu zaidi, nipate picha safi zaidi? Wengi hulichukulia kama swali la vifaa. Kwangu mimi, nusu ya swali hilo ni la maadili, na nusu hiyo ndiyo ngumu.

Tumalize kwanza ile rahisi. Kamera hizi ndogo za michezo zina lenzi inayoona upana mkubwa sana. Zimetengenezwa hivyo makusudi, ili mtu aifunge kifuani au kwenye kofia asihangaike kulenga. Gharama ya upana huo ni kwamba kilicho mbali hupungua. Mtu aliye mita 20 anaonekana kama yuko ng'ambo. Ukibonyeza kitufe cha kukuza, mara nyingi kamera inakata tu kipande cha katikati na kukipanua, kwa hiyo unachopata ni nukta kubwa zaidi, yenye ukungu. Dawa ni kusogea wewe mwenyewe: mita 2 au 3, jua likiwa mgongoni kwako, na fremu 120 kwa sekunde kama baadaye utataka kuipunguza kasi. Kioo nacho kinataka kuangaliwa. Wapiga picha wa mawimbi hukilamba kabla ya kurekodi, maana mate huyafanya maji yatandae badala ya kukaa matone matone.

Basi, ufundi wenyewe kwa sehemu kubwa ndio huo. Sasa tazama maana ya hizo mita 3. Mchezaji wa kaiti, yaani yule anayesimama juu ya ubao akivutwa na tiara kubwa, akienda kilomita 36 kwa saa anamaliza mita 10 kila sekunde. Mkija mkikabiliana kwa mwendo huo, mita 20 zinaisha kwa sekunde moja. Kamba zinazomuunganisha na tiara yake zina urefu wa mita 20 hivi, na zikikaza zinakata ngozi. Ukimsogelea, umeingia kwenye hatari yake, halafu umemwongezea nyingine: sasa pamoja na upepo, wimbi na kamba, ana kazi ya kukukwepa wewe. Je, alikubali?

Kiswahili kimetupa neno moja la kufikiria jambo hili. Karibu ni umbali mdogo. Karibu pia ni jibu la hodi. Neno lina asili ya Kiarabu, na huko maana yake ni ya umbali. Sisi ndio tuliolisimamisha mlangoni. Na adabu ya mlangoni tunaijua tangu utoto. Unapiga hodi, unasubiri. Unarudia mara ya pili, mara ya tatu. Usipojibiwa unaondoka, hata kama mlango uko wazi na unasikia redio ndani. Kuwa karibu na nyumba si sawa na kukaribishwa, na hakuna mtu wa pwani anayezichanganya hizo mbili. Ni mpaka tushike kamera.

Wapo walioutaka ukaribu huu kabla yetu, na walilipa wenyewe. George Greenough, Mmarekani, alijifunga kamera nzito mgongoni akaingia nayo ndani ya tumbo la wimbi, na mwaka 1970 filamu yake *The Innermost Limits of Pure Fun* ikawaonyesha watu bahari kutoka mahali ambapo kabla yake waliijua wapanda mawimbi peke yao. Nick Woodman, aliyeanzisha GoPro mwaka 2002, alianza na mkanda wa kufunga kamera mkononi, kwa sababu yeye na wenzake walitaka picha zao wakiwa majini, na aliyesimama ufukweni hakuweza kuwafikia. Ona mwanzo wa kifaa hiki: ni marafiki waliotaka kuonana. Hodi ilikuwa imeshapigwa na kuitikiwa kabla kamera haijawashwa.

Upande wetu wa waandishi wa habari kuna mtu mwingine anayetajwa sana, Robert Capa, mpiga picha wa vita. Anakumbukwa kwa wazo kwamba picha yako ikiwa si nzuri, basi hukusogea vya kutosha. Mwaka 1954 alikanyaga bomu la ardhini huko Vietnam akafa, kamera zikiwa pamoja naye. Nukuu yake nimeisikia ikitolewa kama ruhusa: sogea tu. Lakini Capa alisogelea risasi zilizoweza kumuua yeye. Anayerusha droni juu ya kichwa cha mwenzake, huku amekaa kwenye kiti ufukweni na soda mkononi, hawezi kuazima ushujaa huo. Yeye amesogeza jicho tu, mwili wake ameuacha salama. Ikianguka, haimwangukii yeye.

Kuna pingamizi ambalo siwezi kulipita. Methali inasema macho hayana pazia. Anayecheza hadharani amejitoa aonekane, na zaidi ya hapo, ukimwomba mtu ruhusa anaanza kuigiza. Anarekebisha nywele, anatabasamu, ule ukweli uliouona unakimbia. Kuna ukweli hapa. Kazi yangu yenyewe ingekufa kama kila picha ingesubiri ridhaa. Askari anayempiga muuza machungwa hapigiwi hodi. Ila tusijifiche nyuma ya mfano huo. Pale tunarekodi kwa ajili ya aliyeonewa. Klipu ya mtu anayecheza baharini inarekodiwa kwa ajili ya nani? Halafu methali ilizungumzia macho, na macho husahau. Aliyekuona umeanguka jana, kesho amechoka kukucheka. Kamera haichoki, na inawaonyesha watu usiowajua, mwaka baada ya mwaka. Kuhusu kuigiza, jaribu kumrekodi mtu mwezi mzima badala ya dakika mbili. Atakuzoea, ataacha kupozi. Ule uhalisia tunaodhani lazima tuuibe, kwa kawaida hupatikana kwa kukaa na mtu.

Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, swali hili limevuka mipaka ya wachezaji. Kusi kikianza kuvuma katikati ya mwaka, na kaskazi mwisho wa mwaka, tiara za rangi zote zinajaa angani. Chini yake, maji yakitoka, wanawake wanashuka kwenye mashamba ya mwani. Kilimo hicho kilianza huko mwishoni mwa miaka ya 1980, kabla kaiti hazijazoeleka. Vigingi, kamba, mgongo uliopinda saa nzima. Bahari ni hiyo hiyo moja, na lenzi pana haichagui: ukimrekodi rafiki yako kwa mita 3, umemrekodi na mama aliyeinama nyuma yake, kanga imelowa mpaka kiunoni. Kwenye video anakuwa pambo la mandhari. Bibi mmoja huko aliniambia, bila hata kuacha kufunga mwani wake, "Mwanangu, mtu ananipita karibu hivi na kamera, salamu hana. Mie ni jiwe?"

Hakulalamikia picha. Alilalamikia salamu. Nimelifikiria sana hilo, kwa sababu mijadala yetu ya faragha huishia kwenye fomu na saini, na yeye aliomba kitu cha bei nafuu zaidi na kigumu zaidi: kwamba anayemkaribia akiri kuwa amemkaribia mtu.

Mtihani wa mwisho huja mwenzako anapoanguka. Hapo ndipo klipu inakuwa tamu, na hapo ndipo anaweza kuwa amezongwa na kamba chini ya maji. Susan Sontag, katika kitabu chake *On Photography* cha mwaka 1977, aliona kwamba anayepiga picha hawezi wakati huo huo kuingilia kati. Majini jambo hili halina falsafa nyingi. Mkono mmoja umeshika kijiti cha kamera, na ndio mkono unaohitajika. Ukiwa mita 3, wewe ndiye mtu wa kwanza kumfikia. Ukaribu ulioutafuta kwa ajili ya picha umekupa wajibu ambao aliyebaki ufukweni hana. Asiye tayari kuiachia kamera izame, asisogee.

Kwa hiyo anayeniuliza namna ya kupata picha ya karibu na safi, namjibu hivi. Zungumzeni kabla ya kuingia majini: nitakuja upande upi, ishara ya kuniambia niondoke ni ipi, na ukianguka vibaya klipu ni ya nani. Ya kwangu mimi niliyeshika kamera, au ya kwako wewe uliyeanguka? Nadhani ni yake, na akisema ifutwe, ifutwe. Wasalimie wanaofanya kazi kwenye maji hayo, na wakigeuza uso, geuza lenzi. Ukishafanya hayo, sogea. Na kama hukujibiwa hodi, baki ulipo, urudi nyumbani na nukta yako.