Lisemwalo Lipo? Imani na Sayari Iliyofichwa

Mwaka 1984 vijana wawili wa Uingereza, David Braben na Ian Bell, walitoa mchezo wa kompyuta uitwao Elite. Ulimpa mchezaji chombo cha angani, mtaji mdogo na sayari zipatazo 2,000 za kufanyia biashara. Ndani ya boksi la mchezo mlikuwa na kitabu cha hadithi, The Dark Wheel, kilichoandikwa na Robert Holdstock, na humo lilitajwa jina Raxxla: mahali pa kificho panapovumishwa kuwa na mlango wa kuingilia malimwengu mengine. Desemba 2014 kampuni ya Braben, Frontier Developments, ilitoa Elite Dangerous, mchezo unaochora galaksi yetu nzima yenye mifumo ya nyota bilioni 400, na watengenezaji wake wamesema kwamba Raxxla imo. Zaidi ya miaka 10 ya msako imepita bila mtu kuifikia, na bado watu wanachora ramani, wanapima pembe za nyota na kubishana iko upande gani. Waswahili tuna methali kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Je, methali hiyo inatosha kuwa msingi wa imani? Ninavyoona mimi, kuamini kisichoonekana kunaweza kuwa jambo la akili kabisa, lakini kwa masharti mawili: kumchunguza shahidi aliyekuambia, na kukubali mapema kwamba yapo mambo ambayo yakitokea utaiacha imani hiyo.

Mpinzani huanza na hoja iliyo wazi: watu wametafuta, hawajaona, basi hakuna. Hoja hiyo ina mahali pake. Ukiambiwa kuna ng'ombe sebuleni, ukaingia usimwone, umepata jibu, kwa kuwa angekuwemo usingeweza kumkosa. Kutoonekana kwa kitu ni ushahidi pale tu ambapo kama kingekuwepo kingeonekana. Sasa tazama hesabu za mchezo huu. Mchezaji akitembelea mfumo mmoja wa nyota kila dakika, bila kula wala kulala, atahitaji zaidi ya miaka 760,000 kuimaliza yote. Wachezaji ni wengi na wamesafiri sana, lakini kwa pamoja hawajafikia hata asilimia moja ya galaksi hiyo. Tena hawajui wanachokitafuta kina sura gani: huenda ni sayari, huenda ni mwezi, huenda ni mtambo ulioachwa na viumbe wengine. Mtu anaweza kuwa amepita kando yake akaenda zake. Kwa hiyo msako uliokwama haukanushi kuwepo kwa Raxxla. Lakini haukuthibitishi pia, na hapo ndipo waumini wengi hujikwaa. Mwanafalsafa Bertrand Russell aliwahi kutoa mfano wa birika la chai linalolizunguka jua, dogo mno kuonwa kwa darubini yoyote. Hakuna awezaye kulikanusha, na hilo halimpi mtu yeyote sababu ya kuliamini. Ukubwa wa anga humnyima mpinzani ushindi, lakini haumpi muumini hoja.

Sababu ya kuamini itoke wapi, basi? Wanazuoni wa Kiislamu walitenganisha zamani elimu inayopatikana kwa akili na ile inayopatikana kwa mapokezi. Katika Ukristo, Thomas Aquinas wa karne ya 13 alishika njia inayofanana na hiyo: aliona kuwepo kwa Mungu kunaweza kufikiwa kwa hoja, lakini Utatu Mtakatifu hakuna awezaye kuujua bila kufunuliwa. Mchezo huu unauonyesha mgawanyo huo vizuri sana. Sehemu kubwa ya nyota zake haikupangwa kwa mkono, bali huundwa na programu iitwayo Stellar Forge kwa kufuata kanuni za fizikia. Februari 2017, NASA ilipotangaza kwamba nyota hafifu ya TRAPPIST-1, iliyo umbali wa takriban miaka 40 ya nuru, ina sayari 7, watengenezaji waliona kwamba programu yao ilikuwa imekwisha kuweka karibu na eneo hilo nyota hafifu yenye sayari 7, bila mtu kuiagiza. Hapo kanuni peke yake ilikaribia kitu ambacho jicho halijakiona. Raxxla si ya namna hiyo. Kama ipo, imewekwa na mtu kwa hiari yake, na hakuna kanuni ya mvutano wala ya mwanga inayoweza kufichua uamuzi wa mtu. Mpaka apatikane mtu atakayejikwaa juu yake, kinachotufikisha kwenye Raxxla ni habari tu. Na dini, katika yale yaliyo makubwa zaidi ndani yake, nayo ni habari: ufunuo, ahadi, hukumu, ufufuo. Swali la kumuuliza muumini, basi, ni nani aliyemwambia, na huyo amejuaje.

Swali hilo lina wataalamu wake. Wakusanyaji wa hadithi za Mtume, akina Bukhari na Muslim katika karne ya tisa, hawakutosheka na uzuri wa maneno. Walidai sanadi, yaani mlolongo wa wapokezi, kisha wakamchunguza kila mmoja: alikuwa mkweli, alikuwa na kumbukumbu nzuri, aliwahi kweli kukutana na yule anayedai kumsikia? Tuipime Raxxla kwa mizani hiyo. Katika kitabu cha Holdstock habari yake ni uvumi unaosimuliwa na wahusika wa kubuni, na mhusika wa hadithi hawezi kutoa ushahidi kwa msomaji aliye nje ya hadithi. Mapokezi hayo ni dhaifu, hata yawe ya zamani kiasi gani. Neno la watengenezaji ni jambo jingine. Wao hawakuiona Raxxla kwa mbali wakatuletea habari. Ikiwa ipo, ipo kwa sababu waliiweka. Anayekizungumzia alichokifanya mwenyewe ana ujuzi ambao mtafutaji hata awe hodari vipi hawezi kuufikia. Kwa hiyo anayeamini kwa sababu watengenezaji wamesema, na anayeamini kwa sababu jina limezagaa tangu 1984, wanaamini kitu kimoja kwa haki mbili tofauti kabisa.

Sharti la pili linaonekana katika nadharia zenyewe. Ndani ya mchezo, tangu Desemba 2018, kuna kumbukumbu inayoihusu Raxxla, na ndani yake maneno ya mafumbo yanayotaja kito, mama wa magalaksi na huzuni ya mzazi. Wako waliosema mama huyo ni Cassiopeia, kwa kuwa katika ngano za Kigiriki ndiye aliyemzaa Andromeda, na Andromeda ni jina la galaksi; wakaelekeza vyombo vyao kwenye nyota za kundi hilo. Wengine walisema mzazi mwenye huzuni ni Demeter aliyempoteza binti yake Persephone, wakatafuta nyota na sayari zenye majina ya ngano hiyo. Hawakuipata. Hata hivyo nadharia hizi zinastahili heshima, maana zilitaja mahali, na aliyetaja mahali amekubali kwamba anaweza kukutwa amekosea. Kisha wapo wanaosema Raxxla ni safari yenyewe, au ni udugu wa wanaotafuta. Maneno hayo yanafariji, lakini hayawezi kushindwa kamwe. Mwaka 1950 mwanafalsafa Antony Flew alieleza kisa cha mtu anayeshikilia kwamba uwazi wa msituni una mtunza bustani. Kila mtego ukikosa kumnasa, anasema mtunzaji huyo haonekani, hagusiki, hana harufu, hadi mwenzake anamuuliza ana tofauti gani na asiyekuwepo. Anayeigeuza sayari kuwa safari amekwisha kuacha kuiamini sayari, ila hajakiri.

Kuna atakayesema mfano huu hauifikii dini, kwani mtengenezaji wa mchezo anaweza kuulizwa na Mungu hahojiwi. Ni kweli tofauti ipo, lakini inaongeza uzito wa hoja badala ya kuupunguza: kadiri mwenye habari asivyohojiwa, ndivyo wapokezi wanavyopaswa kuhojiwa zaidi. Mwingine atasema watengenezaji wana biashara, na siri huuza. Hilo nalo ni kweli, na ndiyo maana masilahi ya shahidi huwekwa kwenye mizani. Mwanafalsafa David Hume alifundisha mwaka 1748 kwamba mwenye hekima hulinganisha imani yake na ushahidi alionao. Anayeiamini Raxxla kwa kiasi, akijua kwamba mpango wa kampuni unaweza kubadilika, hana kosa. Kosa ni lake anayeapa kwamba ipo.

Pingamizi zito kuliko yote ni la mcha Mungu anayesema imani ya kweli haipimi, na kumjaribu Mungu ni dhambi. Namheshimu, lakini naona amechanganya mambo mawili. Kumjaribu Mungu ni jambo moja, kumpima mwanadamu anayesema kwa niaba yake ni jambo jingine, na vitabu vitakatifu vyenyewe vinaonya juu ya manabii wa uongo. Mchezaji aliyemwamini shahidi mbaya hupoteza usiku wake; muumini anaweza kupoteza uhai. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Kwa mujibu wa wachunguzi, wengi wao ni watu walioaminishwa kwamba kufunga hadi kufa kutawafikisha kwa Yesu, na watoto walikuwamo. Kati ya hao waliokufa na ahadi waliyopewa alisimama mtu, na mtu hupimwa.

Basi methali yetu nayo ina mpaka. Lisemwalo linaweza kuwepo, na linaweza lisiwepo kabisa. Kusemwa kwake ni mwanzo wa uchunguzi tu. Wewe unayeamini, endelea kuamini, lakini jiulize leo nani alikuambia, alijuaje, anapata nini ukimwamini, na ni jambo gani likitokea utakubali kwamba alikosea. Ukikosa jibu la swali hilo la mwisho, usimwite mwingine aifuate njia hiyo.