Kinachobaki Pipani: Kanyanga, Bia na Swali la Uhalali huko Fizi na Baraka

Tofauti kati ya pombe iliyochachuka na pombe iliyokenekwa humlazimu mwanafikra wa dini aseme ubaya wa kileo unakaa wapi: katika kitu chenyewe, katika kiasi chake, au katika namna watu wanavyohusiana wao kwa wao kinapokuwa mbele yao. Katika eneo la Fizi na mji wa Baraka, kwenye mwambao wa magharibi wa Ziwa Tanganyika mkoani Kivu ya Kusini, swali hilo lina jina la kila siku, nalo ni kanyanga, yaani pombe kali ya kienyeji inayotokana na muhogo na mahindi, au ndizi, iliyoachwa ichachuke kisha ikachemshwa na mvuke wake ukapoozwa. Huko Waislamu, ambao historia yao inaungana na ile ya Ujiji ng'ambo ya ziwa na ya Maniema upande wa bara, huishi mtaa mmoja na Wakatoliki wa jimbo la Uvira, na Wapentekoste wa jumuiya zilizozaliwa na misheni za Waswidi na Wanorwe, na Wamethodisti Huru wenye hospitali yao Nundu. Kila kundi lina hukumu yake, na hukumu hizo, ingawa mara nyingi hufikia tamati moja, hazifuati njia moja hata kidogo.

Kabla ya kupima hoja hizo inafaa kueleweka ukenekaji ni kitendo cha namna gani, kwa sababu wengi hudhani kwamba moto ndio unaoizaa pombe. Moto hauzai kitu. Alkoholi huzaliwa mapema, wakati hamira inapokula sukari ya nafaka au ya tunda. Ukenekaji huja baadaye na kutenga tu, kwa kuwa alkoholi huchemka kwenye nyuzi 78 hivi za Selsiasi ilhali maji huchemka kwenye 100, na kwa hiyo mvuke unaotangulia kupanda huwa na alkoholi nyingi kuliko kimiminika kilichoachwa nyuma. Wiski yenyewe, ambayo baa za mijini huiweka kwenye rafu ya juu kana kwamba ni ya ukoo mwingine, kwa asili ni bia ya kimea isiyotiwa hopsi, iliyokenekwa, mara nyingi mara mbili, na kulazwa katika mapipa ya mwaloni kwa muda ambao sheria ya wiski ya Uskoti inataka usipungue miaka 3. Kimea ni nafaka iliyooteshwa kidogo ili wanga wake uwe tayari kugeuka sukari, na hivyo ndivyo pia mahindi yaliyooteshwa yanavyotumika kuugeuza wanga wa muhogo. Kwa kanuni ya kazi, basi, kanyanga na wiski ni ndugu.

Mfano wa bia nyeusi unasaidia hapa kuliko maelezo marefu. Weusi wa bia hiyo, kama ule wa Turbo King inayojulikana kote nchini Kongo, hutokana na vimea vilivyokaangwa, na mtu akiitia bia ya namna hiyo pipani na kuikeneka, kinachotona upande wa pili wa bomba hutoka cheupe kama maji. Rangi imebaki pipani. Uchungu mwingi wa hopsi umebaki. Mabaki ya hamira yenye vitamini, protini na sukari isiyochachuka, yaani kila kilichoifanya bia iwe na sehemu ya chakula ndani yake, vimebaki pamoja na maji mengi. Lita 10 za bia yenye alkoholi ya asilimia 6 hazina alkoholi halisi inayozidi desilita 6, nazo haziwezi kutoa zaidi ya lita 1 na nusu ya kinywaji cha asilimia 40, hata kama hakuna tone lililopotea. (Ndiyo maana hakuna mkenekaji wa Baraka mwenye akili ya biashara atakayenunua bia ya chupa ili aichemshe.) Hoja ya insha hii inategemea jambo hilo moja, kwamba ukenekaji ni sanaa ya kuacha vitu nyuma, na kwamba hukumu ya haki juu yake haiwezi kutazama kilichotona peke yake bila kuuliza pia ni nini kilichoachwa.

Fikihi ya Kiislamu, yaani elimu ya hukumu za sheria, ililifikiria jambo linalokaribiana na hili karne nyingi kabla ya kanyanga. Wanazuoni walihitilafiana juu ya illa, neno linalomaanisha sababu ambayo hukumu hufungamana nayo, kuwepo inapokuwepo na kuondoka inapoondoka. Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 767, aliiona hamri, yaani kileo kilichokatazwa katika Kurani, kwa maana yake kamili kuwa ni maji ya zabibu mabichi yaliyochachuka, na vinywaji vya nafaka na asali akaviharamisha kwa kiasi kinacholevya tu, ingawa madhehebu yake baadaye yalielekea kwenye rai ya mwanafunzi wake Muhammad al-Shaybani, aliyekataza vyote. Imam al-Shafi'i, ambaye madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika ya Mashariki, aliifanya illa kuwa ulevi wenyewe: kinacholevya kingi chake, kichache chake ni haramu, kiwe kimetoka kwenye mzabibu au kwenye shina la muhogo. Kwa mtazamo huo ukenekaji hauongezi wala haupunguzi chochote katika hukumu, kwa kuwa bia ilikwisha kuwa haramu tangu povu la kwanza. Wala mkenekaji hawezi kujitetea kwa istihala, yaani kugeuka kwa kitu kichafu kikawa kitu kingine kwa dhati yake, kama mvinyo unaojigeukia siki na kuwa halali. Siki si mvinyo tena, lakini kanyanga ni ileile pombe iliyokuwa pipani, imepungukiwa na maji tu.

Uthabiti wa hoja hiyo hauna budi kuheshimiwa, nao una faida ya kutomwonea aibu tajiri mwenye wiski. Hata hivyo una gharama yake: kwa kuwa bia na kanyanga zimewekwa katika kapu moja, hauna lugha ya kueleza kwa nini mtaa ambao umeishi na pombe ya ndizi kwa vizazi vingi unaweza kuvurugika kanyanga inapoingia. Hukumu iko sahihi kwa misingi yake, ila iko kimya mahali ambapo mtazamaji angependa iseme.

Ukristo ulikuta tatizo kinyume chake. Maandiko yake yanaujua mvinyo na vileo vya nafaka, yanamjua Nuhu aliyelewa na harusi ya Kana, lakini hayaijui pombe ya kukeneka, kwa sababu ufundi wa kutenga alkoholi kwa mvuke ulikuja baadaye sana. Al-Kindi aliandika juu ya ukenekaji huko Baghdad katika karne ya 9, na vinywaji vikali vikaanza kuenea Ulaya mwishoni mwa Zama za Kati, kwanza kama dawa. Thoma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba hakuna kinywaji kilicho haramu kwa asili yake, na kwamba dhambi ya ulevi ni mtu kujinyima akili kwa kujua na kwa kupenda. Fundisho hilo liliandikwa na mtu aliyezoea vinywaji ambavyo mnywaji hupata nafasi ya kujitambua kabla hajalewa. Linapohamishiwa kwenye kinywaji ambacho vikombe viwili vinatosha kumfikisha mtu mpakani, nafasi hiyo ya kujitambua huwa fupi, na kanuni ya kiasi, ingawa haijawa batili, humdai mnywaji wepesi wa nia ambao wachache wanao.

Wapentekoste na Wamethodisti Huru walilitatua jambo kwa kulikata. Kanisa la Methodisti Huru, lililoanzishwa Marekani mwaka 1860, lilikulia katika nchi ambayo wiski ilikuwa rahisi na nyingi, na misimamo yake juu ya kileo ina alama ya uzoefu huo. Lilipofika mwambao wa Tanganyika lilileta hukumu iliyotungwa dhidi ya pombe iliyokenekwa na kuitandaza juu ya kila pombe, hata ile ya ndizi iliyonywewa kwa mrija katika kikao cha wazee. Kwa hiyo, kwa mkondo mwingine kabisa, Mshafii na mlokole wamefika mahali pamoja: mmoja kwa kanuni, mwingine kwa historia.

Sheria ya serikali nayo iliwahi kuitenga pombe kali na nyingine, lakini kwa sababu ambazo hazimpi mtu imani. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia vinywaji vilivyokenekwa katika sehemu kubwa ya Afrika, kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini, na mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa mwaka 1919 ukaendeleza katazo hilo, huku yote miwili ikiacha mlango kwa ajili ya matumizi ya wasio wenyeji. Kitu kilekile kilikuwa sumu kwa Mbembe, mwenyeji wa Fizi, na kiburudisho kwa mtawala. Maadili yaliyotangazwa kwa rangi ya ngozi hayawezi kuitwa maadili, na sehemu ya ukaidi unaoizunguka kanyanga hadi leo, ile tabia ya kuiona kama haki ya wanyonge dhidi ya wakubwa, inaeleweka zaidi ikikumbukwa kwamba katazo lake la kwanza la kisheria lilikuja likiwa na unafiki huo.

Pakiondolewa unafiki, inabaki hoja ambayo si ya kemia wala ya serikali. Pombe ya ndizi au ya nafaka haihifadhiki. Baada ya siku chache huharibika, na kwa hiyo anayeipika hulazimika kuita watu. Katika jamii nyingi za Maziwa Makuu pombe ya namna hiyo imekuwa ujira wa kazi ya pamoja shambani, sehemu ya mahari, kitulizo cha matanga na kinywaji kinachomwagwa chini kwa ajili ya waliotangulia, na ulazima wa kuimaliza kabla haijaharibika ndio uliojenga desturi za nani aanze, nani afuate na nani anyamazishwe anapozidisha. Kanyanga haina haraka hiyo. Hukaa mwezi au mwaka, huingia kwenye chupa ya mfukoni, huvushwa ziwani, hunywewa na mtu aliye peke yake alfajiri. Mwanamapinduzi Ernesto Che Guevara, aliyevuka kutoka Kigoma Aprili 1965 na kukaa na wapiganaji katika milima ya Fizi hadi Novemba ya mwaka huo, aliulalamikia ulevi katika kumbukumbu zake, na si ajabu, maana kileo kinachobebeka hufuata kila jeshi, na Fizi imepitiwa na majeshi mengi tangu hapo. Pamoja na rangi na chakula, basi, kilichobaki pipani ni ule wajibu wa kuita wengine. Hiyo ndiyo hasara ambayo mwanafikra wa dini angepaswa kuitaja kwanza, kabla hajazungumzia ini la mnywaji.

Hofu ya sumu haipaswi kuchanganywa na suala hili. Ni kweli kwamba pombe haramu imeua kwa makundi, kama Nairobi mnamo Novemba 2000 ambapo watu zaidi ya 100 walikufa, lakini kisa cha namna hiyo hutokana na methanoli, alkoholi nyingine inayopofusha na kuua, ambayo mara nyingi hutiwa na wauzaji wenye tamaa. Ni hoja dhidi ya udanganyifu, na wiski iliyopimwa kiwandani haiguswi nayo.

Linalobaki gumu zaidi ni hali ya mtengenezaji, ambaye aghalabu ni mwanamke, na aghalabu hanywi. Hadithi mashuhuri ya Mtume Muhammad inawataja watu kumi waliolaaniwa kwa sababu ya mvinyo, wakiwemo anayekamua, anayebeba, anayeuza na anayekula thamani yake, kwa hiyo fikihi haimwachii upenyo. Elimu ya maadili ya Kikatoliki hutofautisha ushirika rasmi, yaani kukusudia dhambi ya mwenzake, na ushirika wa vitendo tu, yaani kutoa kitu ambacho mwingine atakitumia vibaya kwa hiari yake, na huruhusu ule wa pili panapokuwa na sababu nzito. Ada ya shule ya watoto wa familia iliyokimbia vijiji vyake bila shaka ni sababu nzito. Ila sababu hiyo hudhoofika kadiri muuzaji anavyomjua mnunuzi. Anayemjazia kikombe jirani aliyekwisha kuuza bati za nyumba yake hawezi kusema kwamba hakujua.

Fedha yenyewe inapofika kanisani, Thoma wa Akwino ana jibu ambalo wachungaji wachache wamelitumia. Alitenga mali iliyopatikana kwa namna ambayo lazima irudishwe kwa mwenyewe, kama ya wizi, ambayo haiwezi kutolewa sadaka, na mali iliyopatikana kwa tendo baya ilhali malipo yenyewe yalitolewa kwa hiari, ambayo mpokeaji anaweza kuishika na kuwasaidia maskini kwayo, isipokuwa haifai kuwekwa altareni kwa sababu ya makwazo. Hata akihesabiwa kuwa mkosaji, kwa kipimo hicho mkenekaji wa Baraka anaweza kumlisha yatima kwa faida ya kanyanga bila kuongeza kosa, lakini parokia inayopokea bahasha yake mbele ya waumini wote, ikijua imetoka wapi, na Jumapili hiyohiyo ikamnyima komunyo, imeyakubali makwazo na kumkataa mtu.