UFA KATIKA INJINI YA GARI LA KALE

Mwenye gari la kale ambalo bloku ya injini yake imepasuka husimama baina ya mambo mawili: auzibe ufa, au aitoe bloku ile na kutia nyingine. Watu wengi hudhani kuwa hii ni hesabu ya fedha tu. Lakini ndani yake mna suala jingine, nalo ni hili: gari likibadilishwa moyo, je, ni lile lile?

Bloku ni kile kipande kikubwa cha chuma cha kusubu chenye silinda ndani yake, na kandokando ya silinda hupita njia za maji. Katika nchi za baridi maji yasiyotiwa dawa huganda, na yakiganda huongezeka kadiri ya sehemu 9 katika 100, na chuma kikashindwa kustahimili. Katika nchi za joto injini hukaukiwa na maji, kisha dereva mwenye haraka akaimiminia maji baridi nayo ingali moto.

Wasemao "usipoziba ufa utajenga ukuta" wamesema kweli; ila fundi hutazama kwanza ufa uko wapi. Ulio katika ukuta wa nje wa njia ya maji hutengenezeka. Uliofika ndani ya silinda, au pale penye beringi za kranki, una hatari na gharama nyingi. Kulehemu chuma cha namna hii ni kazi ngumu, kwani yapasa bloku ipashwe moto, kisha ipoe polepole mno. Ikipoa kwa ghafula huwa ngumu na kupasuka tena ubavuni mwa lehemu. Kwa hiyo wengine huushona ufa pasipo moto: hutoboa matundu kuufuata, wakatia vijiti vya skrubu, kila kimoja kikiuma ubavu wa mwenziwe. Kisha bloku huzibwa, hutiwa hewa na kuzamishwa majini. Pakitoka mapovu, kazi haijesha.

Mwenye kuishikilia bloku ya asili hoja yake ni nambari iliyopigwa juu yake kiwandani. Hoja hii ina nguvu, lakini si kama wanavyoikuza wapenda magari. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Uingereza ilihukumu kesi ya gari la Bentley liitwalo Old Number One, lililoshinda mashindano ya Le Mans mwaka 1929 na 1930. Bei iliyopatanwa ilikuwa pauni milioni 10. Mnunuzi akakataa, akidai kuwa si gari lile. Na kwa hakika vya mwaka 1929 vilikuwa karibu vyote vimekwisha. Mwaka 1932 lilikuwa limekwisha kutiwa injini ya lita 8, kisha likapata ajali Brooklands iliyomuua dereva wake, likaundwa upya. Jaji Otton akaona kuwa haliwezi kuitwa la asili, lakini ni lenyewe khasa, maana lilibadilika kidogo kidogo wala historia yake haikukatika. Hukumu hii ni ya haki: kilicholishika gari ni habari zake kuliko chuma chake.

Basi ikiwa ufa watengenezeka kwa amani, na utengenezwe, kwani kutupa kilicho kizima ni israfu. Ikiwa hautengenezeki, na itiwe bloku nyingine wala mtu asione haya. Haya ni kwa afichaye. Katika fiqhi ya Imamu Shafi'i, muuzaji aijuaye aibu ya bidhaa imemwajibikia kuibainisha. Na mnunuzi aliyeikuta ana hiari ya kuirudisha, maadamu hakukawia baada ya kuijua. Ufa uliopakwa rangi ni aibu ya namna hiyo. Na bloku ngeni iliyosuguliwa nambari yake, ikapigwa nambari ya ile ya kwanza, ni uwongo hata kama haina ufa mmoja. Ufa uliposhonwa na siku uliposhonwa na viandikwe katika karatasi ya mauzo. Ama bloku ya zamani, ikitolewa, isiuzwe kwa wanunua vyuma. Iwekwe, apewe mnunuzi pamoja na gari.