Mjumbe Aliyeachwa Mlangoni

Mjumbe hauawi, wahenga walisema. Yule wa Dhar kweli hakuuawa. Alipokewa kwa shangwe, akatuzwa mbele ya wageni, kisha akaachwa amesimama mlangoni mpaka miguu ikamwishia nguvu.

Dhar ni wilaya ya jimbo la Madhya Pradesh, India ya kati, na zaidi ya nusu ya wakazi wake ni watu wa makabila ya asili kama Wabhil. Tarehe 1 Januari 2000 ulizinduliwa huko mtandao wa kompyuta ulioitwa Gyandoot, maana yake mjumbe wa maarifa. Vituo vyake viliwekwa kwenye majengo ya halmashauri za vijiji, kila kimoja kikihudumia vijiji 20 hadi 30 vya jirani. Ndani mlikuwa na kompyuta, printa, na modemu iliyochomekwa kwenye simu ya waya kuelekea kompyuta kuu mjini Dhar. Mwendeshaji alikuwa kijana wa hapohapo, mwenye elimu ya sekondari. Mshahara hakuwa nao. Alikula alichokusanya kwa wateja, na katika hicho sehemu ilirudi kwenye mradi.

Wazo lilikuwa zuri, wala silibezi. Kujua bei za mazao sokoni, rupia 5. Nakala ya kumbukumbu za shamba, rupia 15. Kupeleka malalamiko, rupia 10, na wilaya iliahidi kujibu ndani ya siku 7. Katika kijiji cha Bagadi, wakulima wa viazi walipewa na walanguzi bei ya rupia 300 kwa kilo 100. Wakaulizia kituoni, wakaambiwa soko la Indore linanunua kwa 400. Mzigo ukapelekwa Indore. Kisa hicho kilizunguka kwenye semina za maendeleo za dunia nzima, na mwaka huohuo wa 2000 Gyandoot ikashinda tuzo ya Stockholm Challenge kule Sweden.

Viazi vile ndivyo vilivyowapumbaza wengi. Bei ni habari inayojitosheleza: mkulima akishaisikia, hahitaji sahihi wala muhuri wa mtu, anapakia gunia anaondoka. Huduma nyingi za kituo hazikuwa hivyo.

Chukua cheti cha kabila. Kwa familia ya Kibhil karatasi hiyo ndiyo ufunguo wa nafasi za shule na kazi zilizotengewa makabila. Mzazi anaingia kituoni, anatoa rupia 10, anataja majina. Kijana anachapa, modemu inalia kama nyenje, ombi limefika Dhar. Dakika chache tu, kwa mtu ambaye zamani angepoteza siku nzima. Lakini kule mjini ombi linatolewa kwenye karatasi, karatasi inapelekwa kwenye ofisi ileile ya zamani, inalazwa juu ya meza ileile, mbele ya karani yuleyule mwenye rundo lake la mafaili. Kazi ya karani haikuguswa na mtu. Na cheti kikiwa tayari, mzazi lazima apande basi akakichukue mwenyewe. Rupia 10 zimemwokolea safari moja. Iliyobaki ndiyo ile ghali, yenye nauli, kibarua cha siku kilichokosekana, na yale maneno ambayo kila aliyewahi kupanga foleni ya ofisi ya umma ameyasikia: njoo kesho. (Siku hizi kwetu tumeyaboresha. Tunaambiwa mtandao unasumbua.)

Malalamiko nayo yalijibiwa vizuri siku za mwanzo, kwa sababu mkuu wa wilaya aliyeubeba mradi aliyafuatilia kwa mkono wake. Wakuu wa wilaya wa India huhamishwa kila baada ya miaka michache. Anayefuata huja na vipaumbele vyake, na mradi wa mwenzake ni mtoto wa kambo. Aliyelalamikia pampu ya maji akalipa rupia 10 na kukaa wiki tatu bila jibu hakurudi tena kituoni, na jirani zake hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Sasa mweke mahali pake yule kijana mwendeshaji. Watu hawamlaumu karani wa mjini ambaye hawamjui. Wanamlaumu yeye, mwana wa kijiji, aliyepokea fedha yao.

Umeme ulikatikakatika, na laini za simu zilikuwa mbovu. Wachambuzi wengi huishia hapo kwa sababu ni rahisi kuandika kwamba nguzo ilianguka. Lakini mtu mwenye hakika ya kupata jibu husubiri umeme urudi. Tathmini iliyofanywa mwaka 2002 na Taasisi ya Usimamizi ya Ahmedabad ilikuta wateja ni wachache, na maskini waliokusudiwa ndio waliokuwa adimu zaidi. Waendeshaji wakageukia kuchapa barua na kufundisha kompyuta ili wapate cha kula. Wengine wakafunga.

Kusini mwa nchi hiyohiyo, eneo la Puducherry, taasisi ya utafiti ya M.S. Swaminathan ilikuwa imeanza mwaka 1998 na vituo vichache, vyenye redio za mawasiliano na umeme wa jua, vikiendeshwa na watu wa kujitolea, wengi wao wanawake. Katika kijiji cha wavuvi cha Veerampattinam walichukua kwenye intaneti utabiri wa urefu wa mawimbi uliotolewa na Jeshi la Wanamaji la Marekani, wakautangaza kwa Kitamil kupitia vipaza sauti. Mvuvi hakuhitaji kugusa kompyuta wala kuiona, na kama yule mkulima wa viazi, hakuhitaji muhuri wa mtu. Alisikia akiwa ufukweni, akaamua mwenyewe kama leo anasukuma chombo majini. Tarehe 26 Desemba 2004, katika kijiji jirani cha Nallavadu, onyo la tsunami lililopigwa kwa simu na mwanakijiji aliyekuwa Singapore lilitangazwa kwa vipaza sauti vya kituo. Nyumba na mashua nyingi ziliharibika. Watu walikuwa wameshakimbia.

Sisemi basi tubaki na hali ya hewa na bei za viazi. Mwananchi wa kijijini anahitaji cheti, hati ya shamba na pampu inayotoa maji, na anavihitaji kuliko utabiri wowote. Gyandoot iliyaona mahitaji hayo sawasawa. Ila ilijenga upande wa kuuliza peke yake.

Kwa hiyo wewe unayeandaa andiko la mradi wa kituo cha taarifa kijijini, iwe Ngorongoro, Turkana au Karamoja, ziache kompyuta dukani kwanza. Beba daftari, nenda ukakae kwenye benchi la wageni katika ofisi ya wilaya, na ulifuate ombi moja la cheti cha kuzaliwa tangu linapopokelewa hadi mwenyewe anapokishika mkononi. Andika kila meza linapolala na siku linazolala hapo. Ukishamjua karani atakayelifungua, na atakayemuuliza asipolifungua, ndipo uulize bei ya kompyuta.