Hatia Huanza Lini?

Mtaani kwetu kuna fundi friji mmoja, hodari kweli. Siku moja nilimkuta akikongoa friji kuukuu. Akalegeza bomba, gesi ikatoka: fyuu! "Imekwenda zake hiyo," akasema, tukacheka. Haikunuka, haikuwasha macho. Sasa, msomaji mwenzangu, hebu tuulizane: hapo tulitenda kosa?

Usijibu haraka. Gesi za namna ile, CFC, zilianzia kwa Mmarekani Thomas Midgley na wenzake mwaka 1928, na nia yao ilikuwa njema. Mafriji ya awali yalitumia gesi za sumu. Zikivuja, watu hufa. Mwaka 1930 Midgley aliivuta gesi yake mbele ya wanakemia, kisha akaipuliza kuzimia mshumaa. Jamani, haina sumu wala haiwaki! Alifariki mwaka 1944 bila kujua madhara yake kwa ozoni. Kwa hilo simhukumu.

Kumbe upole wa gesi ile ndio ubaya wake. Kwa kuwa huku chini haivunjiki, hupanda taratibu hadi kwenye tabaka la ozoni linalotukinga na mionzi mikali ya jua. Huko mionzi huivunja, klorini ikatoka, na atomu moja tu ya klorini huangamiza molekuli za ozoni maelfu kwa maelfu. Mario Molina na Sherwood Rowland walilieleza hilo mwaka 1974.

Hapo ndipo hatia inapoanza. Wenye viwanda walidai eti ushahidi hautoshi, wakaendelea kuuza. Mwaka 1985 wanasayansi Waingereza wakatangaza jinsi ozoni ilivyopungua juu ya Antaktika. Mkataba wa Montreal ukatiwa saini mwaka 1987. Miaka 13!

Sawa, ushahidi haukuwa kamili. Lakini ukinong'onezwa kwamba huenda mtoto amelala ndani ya kibanda unachotaka kukichoma, utawasha kiberiti kwanza ndipo uhakikishe?

Leo ozoni inapona polepole. Juu ya Antaktika inatarajiwa kurudia hali ya 1980 mnamo 2066 hivi, mkataba ukiheshimiwa.

Juzi nilipita tena kwa fundi, nikamweleza yote haya. Akaishusha spana, akanitazama. "Mdogo wangu, mashine ya kuinyonyea gesi utaninunulia wewe?"

Sikuwa na jibu. Ila najua kitu kimoja: tangu siku hiyo, mimi na yeye, hatuna tena ruhusa ya kusema hatukujua.