Juu ya Kuandika Habari za Baba Zetu

Masomo: 2 Samweli 11 na 12, 1 Mambo ya Nyakati 20:1-3



Twawaomba kwanza mfungue Biblia zenu mahali pawili. Katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 11, twaona jeshi limekwenda kuuzingira mji wa Raba, na Daudi amebaki Yerusalemu. Kisha yafuata mambo mliyofundishwa tangu utoto: Bathsheba, na barua iliyomwua Uria, na nabii Nathani akisimama mbele ya mfalme. Sasa fungueni kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 20. Vita ni vile vile, mji ni ule ule, na Daudi amebaki Yerusalemu vile vile. Lakini mwandishi avuka mara moja, na mstari wa pili taji limekwisha kuwekwa juu ya kichwa cha Daudi. Katika sura hiyo Bathsheba hayumo, wala Uria, wala Nathani.

Je, mmoja wa waandishi hawa ni mwongo? Hasha. Mwandishi wa Mambo ya Nyakati aliwaandikia watu waliorudi kutoka uhamishoni, wenye hekalu dogo na mioyo iliyovunjika, nao walihitaji kuonyeshwa mfalme aliyeandaa nyumba ya Bwana. Kazi yake ilikuwa njema. Lakini lau tungekuwa na kitabu chake tu, tusingemjua Daudi. Kanisa halikukitupa kimoja kati ya hivi viwili. Limevifunga pamoja katika jalada moja.

Jambo hili tumelifikiri sana miezi hii tulipokuwa tukisoma habari za jirani zetu Wamennonite, ambao kwa muda mrefu wameshindana wao kwa wao jinsi watu wao wanavyochorwa katika vitabu vya historia na vya hadithi. Wengi wetu twawajua kwa kazi yao ya upande wa Mara. Wamisionari wao kutoka Marekani walifika Shirati mwaka 1934, na mwaka 1967 Zedekiah Kisare aliwekwa kuwa askofu wao wa kwanza Mwafrika. Lakini asili yao ni ya kale kuliko hapo. Tarehe 21 Januari 1525, katika mji wa Zürich, watu wachache walibatizana upya wakisema ya kuwa ubatizo ni wa mtu aaminiye mwenyewe. Wakaitwa Waanabaptisti, maana yake wabatizao tena. Jina la Wamennonite latoka kwa Menno Simons, padre wa Friesland katika Uholanzi, aliyeuacha upadre mwaka 1536. Yeye na wafuasi wake walikataa upanga na kiapo. Serikali nyingi ziliwawinda, za Kikatoliki, za mageuzi ya Uswisi, na za Kilutheri pia. Na habari hiyo ya mwisho tutairudia, maana hatuwezi kuiruka.

Mwaka 1660 mhubiri wao mmoja wa Dordrecht, Thieleman van Braght, alikusanya habari za waliouawa katika kitabu kikubwa kiitwacho Kioo cha Mashahidi. Chapa ya mwaka 1685 ilitiwa picha 104 za Jan Luyken. Picha ijulikanayo kuliko zote ni ya Dirk Willems. Mtu huyu alitoroka kifungoni wakati wa baridi, akavuka juu ya maji yaliyoganda. (Katika nchi zile maji huwa magumu hata mtu akaweza kuyakanyaga, tulipokuwa wanafunzi hatukuyasadiki.) Mlinzi aliyemfuata alizama. Dirk akageuka, akamnyoshea mikono, akamtoa. Naye akakamatwa, akachomwa moto huko Asperen tarehe 16 Mei 1569. Picha hiyo imetundikwa katika nyumba nyingi za Wamennonite, na ni haki yao. Na mwe na macho kuona jambo hili: van Braght hakukiandika kitabu chake wakati wa mateso. Aliwaandikia Wamennonite wa Uholanzi waliokwisha kupata raha na mali, naye alihofu ya kuwa raha itawaua roho kuliko moto ulivyowaua baba zao mwili. Alifanya kazi ya Mambo ya Nyakati.

Lakini palikuwa na habari nyingine iliyowasumbua. Mwaka 1534 Waanabaptisti waliushika mji wa Münster katika Ujerumani kwa nguvu za silaha. Jan van Leiden akajifanya mfalme wa Sayuni mpya, wanaume wakaamriwa kuoa wake wengi, waliopinga wakauawa. Mwaka 1535 mji ulianguka, na mwaka uliofuata viongozi watatu waliuawa kwa mateso makali. Vizimba vya chuma vilivyotiwa maiti zao vingali vinaning'inia katika mnara wa kanisa la Lambert Mtakatifu hata leo. Kwa muda wa miaka mia nne kila adui wa Wamennonite alipotaka kuwaaibisha aliwaambia: Ninyi ndio wale wa Münster. Si ajabu basi kwamba waandishi wao walijibu: Wale hawakuwa wetu kabisa.

Harold Bender, mwalimu wa Goshen katika Indiana, alilisema jibu hilo kwa uzuri kuliko wote mwezi wa Desemba 1943, mbele ya wanachuo wa historia ya Kanisa wa Marekani. Alifundisha ya kuwa Waanabaptisti wa kweli ni wale waliotokea Zürich, nao hutambulikana kwa kumfuata Kristo, kwa udugu wa kanisa, na kwa upendo usiopigana. Wa Münster aliwaweka nje. Palikuwa na vita vikuu wakati ule. Vijana wao waliokataa kupigana walikuwa makambini wakifanya kazi za mikono, na wengine wengi walikuwa wamekubali kuingia jeshini. Bender aliwapa vijana wale baba wa kuwafuata, na faida yake ilikuwa kubwa. Hata hivyo mwaka 1975 wanachuo watatu, Stayer, Packull na Deppermann, walionyesha kwa hati za kale ya kuwa chemchemi hazikuwa moja bali nyingi, zikichanganyikana na Vita vya Wakulima na mambo mengine yasiyopendeza. Makala yao ilichapwa katika jarida lile lile alilolianzisha Bender mwaka 1927. Twawasifu Wamennonite kwa hilo kuliko kwa mengi mengine.

Wenye hadithi za kubuni hawakupokewa kwa upole hivyo. Mwaka 1962 Rudy Wiebe, kijana Mmennonite wa Kanada, alitoa riwaya juu ya kijiji cha watu wake katika nyika za Saskatchewan wakati wa vita. Mzee mkuu wa kijiji kile ni Shemasi Block, mtu wa sala na bidii, alindaye amani ya kanisa. Nyuma ya amani hiyo yafichwa damu aliyoimwaga Urusi, na dharau kwa jirani wenye damu ya wenyeji wa nchi, wanaohubiriwa Injili lakini hawatakiwi mezani. Wiebe wakati ule alikuwa mhariri wa gazeti la kanisa lake. Makelele yakawa makubwa, naye akauacha uhariri. Walimwambia amewaanika wazazi wake mbele ya wageni.

Tusiwacheke waliosema hivyo. Mtu asiyepata kuketi na Mmennonite hata siku moja asoma riwaya, afikiri amewajua wote. Tena vitabu vingi vya namna hii huwachora Wamennonite kuwa ni kabila moja la asili ya Ujerumani na Uholanzi, wenye vyakula vyao na lugha yao ya Kijerumani cha pwani. Wakati ambapo Wamennonite wa Afrika ni wengi sana, na kanisa lao kubwa kuliko yote liko Ethiopia. Ndugu zetu wa Musoma wana haki ya kuuliza: Sisi tumo katika ukurasa gani?

Walakini msahaba wa kweli wa jamaa ni yupi, yule afunikaye au yule aambiaye? Kati ya miaka 2005 na 2009, katika makao ya Wamennonite wa kale huko Bolivia, wanawake na wasichana waliamka asubuhi wakiwa na majeraha wasijue yametoka wapi. Wengine waliambiwa ni pepo, wengine ya kuwa wanaota au wanasema uongo. Mwisho ikajulikana ya kuwa wanaume wa jamaa yao wenyewe waliwapulizia usiku dawa ya kulaza ng'ombe na kuwanajisi. Mwaka 2011 mahakama iliwahukumu kifungo. Miriam Toews, binti wa Wamennonite wa Manitoba, aliandika riwaya juu ya jambo hilo mwaka 2018. Wako waliosema ameliharibu jina jema la watu wa amani. Sisi twauliza: jina lile liliharibiwa na mwandishi? Waswahili husema, mficha maradhi kifo humuumbua. Na hapo waliokaribia kufa hawakuwa waliofanya kazi ya kuficha. Nathani naye hakuwa mgeni kwa Daudi. Alikuwa mtu wa nyumba yake, naye alianza kwa hadithi ya kubuni, ya maskini na mwana-kondoo wake.

Sasa turudi kwetu, kama tulivyoahidi. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo sisi wachungaji tumeahidi kufundisha sawasawa nalo, lawahukumu Waanabaptisti kwa jina mahali kadha wa kadha. Mwaka 1531, na tena mwaka 1536, Melanchthon aliandika shauri ya kuwa serikali yaweza kuwaua, na Martin Luther akalikubali kwa sahihi yake. Na katika ngome ya Wartburg, ambako Luther aliligeuza Agano Jipya kuwa Kijerumani, pana mnara wenye shimo. Mkulima mmoja aitwaye Fritz Erbe alitiwa shimoni humo mwaka 1540, baada ya miaka mingi ya kifungo kingine, kwa sababu hakukubali mtoto wake abatizwe. Alifia humo mwaka 1548. Mwaka 1925 jina lake lilionekana ukutani, limechorwa katika jiwe. Katika chuo tulifundishwa habari za chumba cha Luther na meza yake. Habari za shimo hatukufundishwa. Hatusemi walimu wetu walidanganya; walitufundisha Mambo ya Nyakati.

Tarehe 22 Julai 2010, huko Stuttgart, Shirikisho la Walutheri Duniani liliomba msamaha kwa Mungu na kwa ndugu Wamennonite. Wajumbe walipiga magoti au kusimama kwa kimya. Aliyewajibu kwa niaba ya Wamennonite wa dunia alikuwa Mwafrika, Danisa Ndlovu wa Zimbabwe, naye akawapa beseni la mti la kutawadhia miguu. Kabla ya siku hiyo watu wa pande zote mbili walikuwa wameketi pamoja miaka kadha, wakaiandika historia ya ugomvi wao kwa mkono mmoja, kila upande ukikubali kuandikiwa aibu yake na mwenziwe. Kazi hiyo twaiona kuwa ngumu kuliko kupiga magoti.

Na hapa ndipo lilipotushika neno. Usharika wetu unatengeneza kitabu cha yubile. Kuna miaka miwili ambayo rasimu yasema tu ya kuwa kazi ilipungua kidogo. Wazee wajua miaka ile ilivyokuwa: pande mbili, na makufuli mawili katika mlango mmoja wa kanisa. Katika miaka ile alikufa mjane mmoja wa upande wa pili, mwimbaji wa kwaya tangu usichana wake. Sisi tulikuwa mchungaji kijana. Tulishauriwa tusiende mazishini ili tusiwatie nguvu wale wengine, nasi tukatii. Tulikaa nyumbani mlango umefungwa, tukisikia nyimbo zao zikipita njiani. Mjukuu wake sasa ni mmoja wa wazee wa usharika. Mwezi uliopita, katika kikao, aliuliza kwa adabu kama jina la bibi yake litakuwamo kitabuni.

Maneno yale, ya kuwa kazi ilipungua kidogo, ni mwandiko wetu. Tumeyafuta. Mahali pake tumeandika jina la mama yule, na siku aliyozikwa, na ya kuwa mchungaji hakuja, na jina la mchungaji. Kikao kitayasoma baada ya mavuno. Wako wazee wawili waliokwisha kutuambia ya kuwa hawatakubali, na mmoja wao tunamheshimu sana.