Hamani Alidhani Anaujua Moyo wa Mfalme

Katika kitabu cha Esta, Hamani aliamkia ikulu. Nyumbani kwake alikuwa amekwisha kusimamisha mti wa dhiraa hamsini, na sasa alikuja kuomba ruhusa ya kumtundika adui yake, Mordekai Myahudi. Hakujua kwamba usiku huo mfalme Ahasuero alikosa usingizi, akasomewa kitabu cha kumbukumbu, akagundua kuwa Mordekai aliwahi kumwokoa na hakulipwa chochote. Kabla Hamani hajasema haja yake, mfalme akamwuliza: mtu ninayetaka kumheshimu atendewe nini? Hamani akajiwazia kwamba hakuna mwingine ila yeye. Akataja vazi la kifalme na farasi wa mfalme. Akaamriwa aende mbio akamtendee Mordekai hayo yote. Muda si muda, Hamani akatundikwa kwenye mti wake mwenyewe.

Huyu hakuwa mtu wa kandokando. Aliketi juu ya wakuu wote, na mfalme alikuwa amempa pete yake ya muhuri. Hata hivyo hakujua mkubwa wake amelalaje.

Mithali 25:3 inauweka moyo wa mfalme pamoja na urefu wa mbingu na kina cha ardhi, vitu ambavyo binadamu hana kipimo chake. Tazama pia sura hiyo inavyoanza: mithali zile zilinakiliwa na watu wa Hezekia, mfalme wa Yuda. Kama watu wa mfalme waliona neno hilo lafaa kuhifadhiwa, sisi tulio Kitale na Bungoma tunapata wapi ujasiri wa kuapa kwamba tunajua mkubwa fulani anawaza nini?

Kenya imeliona hilo kwa macho. Desemba 3, 1991, wajumbe wa chama tawala cha KANU walikusanyika Kasarani, Nairobi. Mmoja baada ya mwingine alisimama kuulaani mfumo wa vyama vingi, akiamini anasema yaliyo moyoni mwa Rais Moi. Moi aliposimama, aliwatangazia kwamba kifungu cha 2A, kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja tangu 1982, kitaondolewa. Walioulaani kwa sauti kubwa ndio waliopigwa na butwaa. Jambo ambalo Masinde Muliro na wenzake wa vuguvugu la FORD walikamatwa kwa kulidai mwezi uliotangulia, sasa likawa sera ya serikali.

Likaja la 2018. Mwaka mmoja nyuma, uchaguzi ulikuwa umetugawanya, damu ikamwagika, na nyumba zikaomboleza. Machi 9, Rais Uhuru Kenyatta na mpinzani wake Raila Odinga wakasimama mbele ya Harambee House wakashikana mikono. Vinara wenza wa Raila katika muungano wa NASA, akiwemo Moses Wetang'ula wa Bungoma, walisema hawakuwa na habari. Mwezi huohuo Wetang'ula akapoteza uongozi wa upande wa wachache katika Seneti. Tena Machi 7, 2025, Raila akatia saini makubaliano na William Ruto, aliyeshindana naye 2022. Ikiwa vinara hawakuambiwa, mimi na wewe tuliambiwa na nani?

Lakini hasara ya kuapia mioyo ya wakubwa haikubaki Nairobi. Kitale ni mji wa makabila mengi, na gorogoro la mahindi hupita mikononi mwa wote. Siasa zikipanda, mama aliyezoea kumpimia jirani kwa mkopo na kumwongezea konzi moja juu hukaza mkono. Pale steji ya Kanduyi, Bungoma, abiria hutazamwa fulana kabla ya kupandishwa bodaboda. Kwenye makundi ya WhatsApp, watu waliozikana hutukanana. Na tusisahau mapigano ya ardhi yaliyoanza mwishoni mwa 1991 na kufika Trans Nzoia na Bungoma. Wapo waliokimbia mashamba yao wasirudi tena, huku wakubwa wakiendelea kuhama vyama na kukaribishana mezani.

Wahenga walituonya: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Wakubwa wetu ni ndugu wa namna hiyo.

Sisemi tuache siasa. Nabii Nathani hakujishughulisha kubahatisha mawazo ya Daudi. Alimshika kwa tendo, mke wa Uria na damu ya Uria, akamwambia ni wewe. Huo ndio ufuasi uliokomaa. Moyo wa kiongozi haupimiki, lakini kazi yake inahesabika. Je, mbolea ya ruzuku imefika bohari la bodi ya nafaka, NCPB, kabla ya mvua za Machi? Mkulima wa miwa wa Nzoia amelipwa? Zahanati ina dawa? Hayo tunaweza kuyaona, kuyauliza na kuyapigia kura. Moyo wake tumwachie Mungu, ambaye Mithali 21:1 inasema huugeuza kama mifereji ya maji, nasi tumwombee kiongozi huyo kama Paulo alivyomwagiza Timotheo.

Ndugu msomaji, uchaguzi wa 2027 hauko mbali. Mpigie kura umtakaye na umdai kazi. Ila usimvunjie jirani heshima wala boma kwa ajili ya moyo usioujua. Ukipata msiba usiku wa manane, atakayebisha hodi kwanza ni huyo jirani.